DT 175 ya marehemu baba inazima ikipata moto: kabureta usinunue bado, pima chini kwanza

Swali lenyewe: "Shikamoo fundi. Nina Yamaha DT 175 ya marehemu baba, alikuwa bwana mifugo kule Njombe. Ilikaa stoo miaka kama sita, nikaishusha huku Kibaha mwaka jana. Ikiwa baridi inawaka kiki ya pili au ya tatu bila shida. Nikiendesha dakika kumi na tano hivi inaanza kuishiwa nguvu, nikiachia mafuta resi haishuki, inabaki juu inalia yenyewe, baadae inazima na haiwaki tena mpaka ipoe. Moshi mweupe mwingi. Fundi wa hapa kabadilisha pistoni, ringi na plagi, siku mbili ikarudi vilevile. Sasaivi anasema kabureta imekufa ninunue mpya. Ninunue?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzee. Kabureta usinunue. Hiyo hela iweke kwanza, na kuanzia leo usiiendeshe hata kwenda dukani, sababu ntakueleza, hiyo pistoni mpya uliyowekewa iko hatarini kuliko ile ya zamani uliyotoa.

Nimesoma ulichoandika mara tatu. Resi haishuki ukiachia mafuta. Moshi mweupe umezidi. Inazima ikipata moto. Kila kimoja kikija peke yake kinaweza kuwa na sababu kumi, ila vikija vyote vitatu kwenye tustroki, yani inji inayochoma oili pamoja na petroli, iliyokaa stoo miaka sita, mi macho yangu hayaendi juu kwenye silinda kabisa, yanaenda chini kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye zile oili sili mbili, pete za mpira zinazoziba ncha zake, ya kushoto iliyokaa nyuma ya magineti, lile gurudumu la kuzalisha umeme, na ya kulia iliyokaa nyuma ya klachi. Fundi wako simlaumu, mafundi wengi wa sasa wamekulia kwenye Boxer na TVS za bodaboda, hizo ni fo-stroki, na kwenye fo-stroki ukiona moshi na nguvu imepungua unafungua juu, ringi au vali, na mara nyingi unakuwa sahihi. Kwenye tustroki mazoea hayo yanakula hela ya mteja.

Ngoja nikueleze hii inji inavyopumua, maana ukishaelewa hapa mengine yote utayaona mwenyewe. Kwenye fo-stroki kule chini kranki inapozunguka ni nyumba ya oili tu. Kwenye tustroki kule chini ni pampu. Pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli kutoka kabureta, zinapita kwenye ridi, yale majani membamba yanayofunguka upande mmoja tu, zinajaa chini kwenye chumba cha kranki. Pistoni ikishuka inazikandamiza, zinapanda juu kwa njia za pembeni ya silinda, ndo zinachomwa. Kwahiyo kila tone la mafuta inayochoma inji hii limepita chini kwanza. Umewahi kupampu baiskeli kwa bomba ambalo ile washa ya ngozi imekauka? Unapampu unatoka jasho upepo unarudi nyuma. Ndo hivyohivyo, chumba cha kranki kikivuja hata upenyo wa sindano inji nzima inachanganyikiwa, na huo upenyo huuoni kwa macho sababu uko nyuma ya magineti.

Sasa sili ya kushoto ikichoka, inavuta hewa kavu ambayo haijapita kwenye kabureta. Hewa inazidi petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu ndo unaofanya resi igome kushuka ukiachia mafuta, maana umefunga mlango wa kabureta lakini kuna mlango mwingine chini uko wazi muda wote. Mchanganyiko mkavu pia unachoma kwa joto kali, pistoni inatanuka, inaanza kubana kwenye silinda, unaona nguvu imeisha, ukilazimisha inakamata kabisa au inatoboka katikati. Pistoni mpya bado imekaa kwa kubana, haijazoeana na silinda, ndo maana nikasema iko hatarini kuliko ya zamani.

Sili ya kulia ikichoka hali ni tofauti kidogo, upande ule kuna oili ya giaboksi, kwahiyo badala ya hewa inavuta oili, inaichoma, unapata moshi mweupe mzito wenye harufu ya oili ya gia iliyoungua, sio ile harufu ya kawaida ya 2T, yani oili inayochomwa pamoja na petroli. Na sili hizi mbili zina umri mmoja. Zikikaa miaka sita hazizunguki, midomo yake inakauka na kuwa migumu kama soli. Inji ikiwa baridi oili ni nzito, inaziba ule upenyo na unaona pikipiki iko poa, ikipata moto oili inakuwa nyepesi kama maji na upenyo unafunguka.

Hapa kuna mtego umewakuta wengi. Fundi anafungua plagi anaiona nyeusi imelowa, anasema inakula mafuta mengi, anapunguza jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Kumbe weusi ule ni oili ya giaboksi iliyoungua na nyuma yake mchanganyiko ni mkavu, akipunguza jeti anaimalizia pistoni. Kwenye inji yenye sili mbovu rangi ya plagi usiiamini mpaka umalize kupima.

Na hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya tisini nikiwa kijana gereji, ililetwa AG 100 ya bwana shamba mmoja, dalili hizihizi zako. Tukafunga pistoni, ikakamata. Tukakwangua silinda tukafunga pistoni ya saizi ya juu, ikakamata tena ndani ya mwezi, yule baba akawa anatembea kwa miguu kwenda vijijini msimu wa kilimo. Mzee mmoja aliyepita tu pale gereji ndo akasema hebu toeni magineti, tukakuta nyuma yake kumelowa petroli na 2T, mahali panapotakiwa pawe pakavu kabisa. Sili ya bei ya soda mbili.

Ila sitaki nawe ukimbilie sili kwa kuniamini mimi bila kupima. Kuzima ikipata moto kunaweza pia kutoka kwenye umeme, koili za zamani waya zake ndani zinakatika zikipata joto zikipoa zinashikana tena, na dalili yake inafanana sana na ya kwako. Kwahiyo kuna safari moja tu nakuruhusu, fupi, sehemu tambarare karibu na nyumbani, bila kukaza mafuta, uwe na spana ya plagi na plagi nyingine nzima mfukoni. Nenda mpaka izime. Ikikupandia resi yenyewe usihangaike na swichi, weka gia ya juu kabisa, kamata breki zote, achia klachi taratibu itakufa.

Ikizima tu, kabla haijapoa, kitu cha kwanza fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia fyuuu, yani upepo unaingia, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Rudishia kifuniko bila kukaza, piga kiki, ikiwaka umepata sababu moja kwa bei ya bure. Pikipiki iliyokaa stoo nyigu na vumbi hupenda sana hako katundu.

Kama hakuna upepo, toa plagi ikiwa bado ya moto, shika na kitambaa. Iangalie. Kama imekauka kabisa mafuta hayafiki, kama imelowa mafuta yanafika. Chomeka ile plagi nzima kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha silinda hedi mbali na tundu la plagi, usiiweke karibu maana ule mvuke wa petroli unaotoka tunduni unashika moto, piga kiki uangalie cheche. Cheche nene ya bluu inayolia, umeme mzima. Hakuna cheche au ni ya njano nyembamba, basi ugonjwa uko kwenye umeme na utauona hapohapo. Ukikosa cheche chomoa waya wa swichi ya kuzimia ujaribu tena, swichi za zamani zinagusa bodi zikipata joto na mtetemo. Bado? Kata kama milimita 5 za mwisho wa waya wa plagi ukazungushie kofia upya, kofia nyingi zina rezista ndani ya kilo-omu 5 na zikizeeka inapanda bila kikomo, pima kwa mita. Ikishindikana hapo ndo unaenda kwenye koili ya juu, CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche), na koili za chini ya magineti, unazipima zikiwa baridi na unazipima tena zikiwa za moto palepale inapozima, ile ambayo namba inaruka au mita inaonyesha imekatika ndo mwizi. Kama ya kwako ni ya zamani zaidi yenye platini, vile vidomo vinavyofunguka na kujifunga kutoa cheche, badala ya CDI, safisha platini na ubadilishe kondensa kabla ya yote, kondensa kuzimia inji ikipata moto ni kawaida yake.

Mi nadhani cheche utaikuta. Umeme uliokatika hauwezi kupandisha resi yenyewe wala kuleta moshi mweupe. Lakini pima, dakika tano tu.

Moshi nao tuupime kabla ya kufungua. Inji yako ina oili za aina mbili, ya giaboksi na ya 2T kwenye tanki lake dogo, ule mfumo Yamaha waliuita Autolube wakaanza kuutumia mwaka 1964, pampu inachota 2T yenyewe kadri unavyovuta mafuta. Kabla ya ile safari fupi weka alama ya kalamu kwenye tanki la 2T, na ya giaboksi imwage kwenye chupa safi uipime ujazo halafu irudishe ileile kama bado safi. Ukimaliza ile safari fupi mwaga tena upime. Giaboksi imepungua, sili ya kulia inakunywa, hakuna mjadala. Giaboksi haijapungua ila tanki la 2T limeshuka sana hata pikipiki ikiwa imelala usiku, basi kile kivali kidogo cha pampu kinavuja na 2T inateremkia kwenye kranki yenyewe, utaona asubuhi moshi wa kutisha kisha unapungua. Na kama zote hazijapungua cha ajabu, basi moshi unatoka kwenye ekzosi yenyewe iliyojaa oili ya miaka mingi, hiyo itatoa moshi kilomita kadhaa kisha itatulia, itoe uisafishe masizi. Ukinusa oili ya giaboksi ukasikia harufu ya petroli hapo pia umejibiwa, sili ya kulia inavuja njia zote mbili.

Sasa kipimo chenyewe, hiki ndo ningependa kila mwenye tustroki akijue, na mafundi wengi wanakiruka kwa kuogopa wakidhani kinataka mashine ya bei. Unapampu hewa kidogo kwenye inji, unaziba kila tundu, unaangalia kama inakaa. Presha inayotakiwa ni ndogo sana, kama psi 6, yani 0.4 ya ba, ukizidisha unaweza kuzitoa sili nzima kwenye nyumba zake, kwahiyo kompresa ya kujaza tairi sitaki kuisikia. Kifaa kinachofaa kuliko vyote ni mashine ya kupimia presha ya mtu, ile ya mkono yenye puto la kubinya na geji ya saa. Namba 300 kwenye ile geji ni karibu psi 5.8, yani imekaa palepale tunapopataka. Kama una ndugu nesi mwombe ile kuukuu, au tafuta iliyochanika mkanda, mkanda hatuutaki.

Fanya hivi. Inji iwe baridi. Toa ekzosi, kata kipande cha mpira wa tyubu, kikalie mdomo wa ekzosi kwenye silinda, juu yake weka bati nene ukaze na nati zilezile za ekzosi. Toa kabureta, ule mpira unaoshika kabureta uache umefungwa palepale. Chonga kipande cha ndala kiwe duara nene kiingie kwa kubana kwenye ule mpira, katikati yake pitisha nozeli ya tyubu ya baiskeli iliyotolewa moyo, kaza na klempu. Mpira wa mashine ya presha unavaa kwenye nozeli. Plagi iwe imekazwa mahali pake. Mrija mdogo wa 2T unaoingia pale uzibe nao. Zungusha kranki mpaka pistoni iwe chini kabisa, hapo njia za pembeni zinakuwa wazi na unapima chini na juu kwa pamoja hadi gasketi ya hedi.

Kuna watu wanapampu kupitia tundu la plagi, usifanye hivyo kwa inji yenye ridi kama hii. DT za cc 175 zina ridi, Yamaha waliziweka kwenye DT tangu mwaka 1972, na ukipampu kutokea ndani zile ridi zinajifunga, kwahiyo ule mpira wa kabureta na gasketi yake unakuwa hujavipima kabisa, na mpira wa kabureta uliopasuka nao unafanya resi igome kushuka. Pampu kutokea upande wa kabureta, ridi zinafunguka, kila kitu kinajaa.

Kabla ya yote kijaribu kifaa chenyewe, ziba mdomo wa mpira kwa kidole ubinye mpaka 250, ikae dakika nzima bila kushuka, isije ikawa puto ndo linavuja ukapasua inji nzima bure. Kisha pampu inji mpaka 250 hadi 300 na uangalie saa. Inji nzuri inakaa. Ikishuka polepole chini ya 50 kwa dakika bado unaweza kuishi nayo. Ikishuka zaidi ya hapo ina tundu, na ya kwako nategemea hata kufika 250 itagoma.

Ikishuka chukua maji ya sabuni yenye povu na brashi. Paka mpira wa kabureta, gasketi ya chini ya silinda, gasketi ya hedi, mzunguko wa plagi, ule mshono wa katikati ya kesi mbili za inji, palipo na tundu utaona povu linachemka. Pembeni kushoto fungua kava la magineti, paka povu kwenye vile vidirisha vya magineti pale kitovuni, na kama huoni vizuri toa magineti kwa pula yake yenye nyuzi, usipige nyundo wala kubetua na bisibisi, kranki ikipinda hapo umeshapoteza inji. Kulia hutaona povu sababu sili imefichwa ndani ya klachi, kwahiyo fungua kifuniko cha kuwekea oili ya giaboksi, ziba mrija wa kupumulia wa giaboksi, halafu paka utando wa povu juu ya lile tundu la oili. Utando ukianza kuvimba kama puto wakati mwenzio anabinya, sili ya kulia imekufa.

Ukiwa umetoa magineti shika ncha ya kranki uitikise juu na chini kwa nguvu. Isicheze hata kidogo. Ikicheza beringi imekwisha, na ukiweka sili mpya kwenye kranki inayocheza itakufa wiki hiyohiyo, hapo itabidi kupasua inji ubadilishe beringi na sili zote, na kwa pikipiki ya umri huo na uliyoachiwa na mzee mi ningesema fanya tu, ni kazi ya mara moja.

Kama beringi nzima, sili ya kushoto inatoka bila kupasua inji. Piga picha kwanza uone mdomo wenye springi umeangalia wapi, mpya ikae vilevile. Kwenye uso wa sili kuna namba tatu, tundu la ndani, upana wa nje na unene, ziko hivi kwa mfano 20x35x7, nenda nazo kwenye duka la beringi, mwambie muuzaji ni ya kranki ya tustroki, inazunguka kasi na inakutana na petroli na joto, asikupe ile ya kawaida ya bei ya chini. Pitisha ukucha kwenye kranki pale mdomo wa sili ulipokuwa unalala, ukisikia mfereji usiikalishe sili mpya palepale, iache milimita moja nje au ndani ipate chuma kizima. Paka grisi kidogo mdomoni, isukume sawasawa kwa soketi yenye upana wake. Ya kulia lazima utoe klachi na gia ya kranki, na kama utakuta sili ina ukingo ulioshikwa katikati ya kesi mbili usiichokonoe kwa nguvu, hiyo ni ya kupasua.

Sasa turudi kwenye pistoni mpya, nina wasiwasi na namna ilivyofungwa. Ulivyotoa ekzosi kwa ajili ya kipimo, chungulia na tochi ndani ya lile tundu huku ukizungusha kranki taratibu. Ukiona mistari ya wima iliyokwaruza ubavu wa pistoni, imeshaanza kukamata, na itabidi silinda itoke. Ikitoka angalia mshale wa juu ya pistoni uwe umeelekea ekzosi. Angalia ringi, kwenye tustroki kila mfereji wa ringi una pini ndogo na ncha za ringi lazima zikumbatie hiyo pini, sio kuzipanga kwa kuzipisha kama kwenye fo-stroki, fundi asiyejua akizigeuza ncha zinanasa kwenye madirisha ya silinda zinavunjika. Silinda ya DT 175 ni milimita 66, ringi ukiiweka peke yake ndani ya silinda pengo la ncha liwe kati ya milimita 0.3 na 0.5. Na muulize fundi kama silinda ilichongwa au kapachika pistoni mpya kwenye silinda ya zamani iliyolika, akikuambia kapachika tu, peleka kwa mtu wa mashine aipime.

Kabureta yako sasa. Siyo mbovu, ni chafu, na huenda ina jambo moja la ziada. Petroli ikikauka miaka sita inaacha gamba linaloziba jeti ndogo ya sailensi, yani ya inji ikiwaka bila kuvuta mafuta, ile yenye tundu kama unywele. Toa jeti zote, loweka, zibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, waya wa chuma unapanua tundu. Skrubu ya hewa iingize mpaka mwisho bila kukaza, irudishe mzunguko mmoja na nusu, anzia hapo. Ukiizungusha ndani nje na inji haisikii chochote, ama jeti ndogo bado imeziba ama bado kuna mahali inavuta hewa ya wizi.

Hilo la ziada ni Njombe. Njombe iko karibu mita 2000 juu ya bahari na hewa kule ni nyepesi kwa kama asilimia 18 kuliko huku chini. Mafundi wa nyanda za juu wakipata DT inayozama kwa moshi wanapunguza jeti kubwa, na kwa kule wako sahihi kabisa. Wewe umeishusha Kibaha kwenye hewa nzito na jeti ileile. Soma namba iliyogongwa kwenye jeti kubwa, linganisha na ya kitabu kulingana na namba ya inji iliyogongwa kwenye kesi, ikiwa ya kwako ni ndogo irudishe ya kitabu. Ila usibadilishe jeti kabla ya kuziba tundu la chini, ukifanya hivyo utakuwa unaficha ugonjwa kwa kuongeza petroli na siku ukipanda mlima utaukuta pale pale.

Ukishafunga kila kitu, kilomita kama mia tano za kwanza usiamini pampu ya Autolube iliyokaa stoo. Toa hewa kwenye mrija wake mpaka 2T ije bila mapovu, na kwenye tanki la petroli weka pia 2T kidogo, mililita 20 kwa lita moja, moshi utaongezeka usijali. Ukiona pampu haisukumi kabisa ifunge moja kwa moja na uchanganye mwenyewe, mililita 40 kwa lita moja, lita 5 ni mililita 200. Iwe oili ya 2T, sio oili ya gari namba 40 wanayopima kwenye vikopo barabarani, ile inaacha masizi mpaka tundu la ekzosi linaziba.

Anza na alama za oili na ile mashine ya presha wikiendi hii. Ukipata namba, niandikie imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi kwa dakika moja na povu umeliona wapi, na piga picha ya nyuma ya magineti kabla hujaifuta, hapo ntakuambia kama ni sili tu au tupasue.